Goti la Kamau, Gongo la Humam

Finjani ile ingali chini, msomaji. Tangu tulipoiacha wiki iliyopita hakuna mkono ulioigusa, na kahawa iliyomo bado inafuka moshi.

Kama gazeti lilikupita, shika haya upesi. Harub, mwenyekiti wa timu ya besiboli ya Nyuki wa Ghubra, alikuwa amekaa majlisi, sebule ya wageni nyumbani kwake, na wachezaji wake, Jumatano baada ya Alasiri, wakizungumza habari za nusu fainali ya Ijumaa. Mara hodi. Akaingia Mzee Hamood, mwenye gereji kubwa kule Wadi Kabir, na nyuma yake mpwa wake Humam.

Humam huyu ndiye kijana aliyerudi juzi kutoka masomoni Marekani, ambaye akiupiga mpira kwa gongo lake, hauonekani tena mpaka wenye magari barabarani waanze kupiga honi.

Mzee akakaribishwa, akamiminiwa kahawa. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, kisha akaiweka chini kwenye zulia bila kuionja.

"Siinywi, Harub," akasema. "Nna haja kwako."

Msomaji wa bara, usicheke. Kwa watu wa Oman, na hawa wa kwetu waliotoka Unguja wakarudi Maskati wamo humo humo, mgeni akiiweka finjani chini namna hiyo amekushika shati mbele za watu. Hakwambii haja yake ni ipi. Anangoja wewe umwambie anywe, na ukishamwambia anywe, basi umeshatoa. Mwenye nyumba atakayeiacha kahawa ya mgeni ipoe atasemwa kwenye maharusi na kwenye matanga mpaka wajukuu zake waote mvi.

Vijana wa Kikenya waliokaa upande wa dirishani walitazamana.

"Kwani kahawa ina shida gani?" Tony alimnong'oneza mwenzake.

Macho yote yalikuwa kwa Harub, na macho ya Harub yalikuwa kwenye mfuko mrefu uliokuwa begani kwa Humam. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na gongo.

Hapo Harub alijua. Msikubali awaambie baadaye kwamba hakujua. Alijua haja ni nini, alijua itagharimu nini, na alijua itatoka mfukoni mwa nani. Angeweza kuuliza. Angeweza kukohoa, akasema kheri, Ammi, hebu tuelezane kidogo.

"Kunywa kahawa yako, Ammi Hamood," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Haja yako imepita."

Mzee Hamood aliinywa kwa mkupuo mmoja, akapangusa masharubu.

"Allah akuweke, mwanangu. Haja yangu ni huyu kijana. Timu moja ya Dubai inamtaka, na wamempa ahadi ya donge nono. Mie nataka acheze hapa kwao, watu wamuone. Mpeni kile walichomwahidi wa Dubai, na Ijumaa avae jezi yenu."

Kile walichomwahidi wa Dubai! Huo ulikuwa mfuko mzima wa Nyuki, usibaki hata wa kununulia maji ya kunywa.

Na mfuko ule ulikuwa na mwenyewe.

Kamau, mdakaji wa timu, aliumia goti mwezi uliopita akimzuia mtu wa timu pinzani asifike kituo cha nyumbani kuchukua pointi. Alibebwa na wenzake hadi garini huku anatania kwamba hata akiwa amelala anadaka vizuri kuliko wao wote. Picha zikaonyesha hakuna cha kutania. Goti lazima lipasuliwe. Bima ya kazini ikakataa, ikasema aliumia mchezoni. Na Kamau ni fundi magari, hapo hapo gereji kwa Mzee Hamood. Fundi asiyeweza kupiga goti wala kuchuchumaa ana siku zake za kuhesabu kabla ya kurudishwa kwao. Ndipo timu ilipokubaliana, kwa sauti moja, kwamba kila kinachopatikana kwa kuuza sambusa, mishikaki na juisi uwanjani kiwe cha goti la Kamau.

Sauti ya kwanza kukubali siku ile ilikuwa ya Harub mwenyewe.

"Bwana Harub."

Aliyeita alikuwa Jerusha, kocha wa Nyuki. Siku za kazi anafundisha michezo katika shule moja hapo Ghubra. Nyumbani ni mke wa Kamau.

"Bwana Harub, hebu ngoja. Hiyo ni pesa gani unapeana?"

"Kocha, tutazungumza."

"Tuzungumze sasa. Hospitali wanataka hiyo pesa Jumapili. Daktari anasafiri wiki ijayo, na akienda hajulikani anarudi lini. Ukiipeana leo, Kamau atapasuliwa na nani? Na wewe?"

"Kocha, mbele ya wageni..."

"Mimi ndio mgeni hapa. Hawa ni watu wako."

Yaqdhan, kijana wa kituo cha kwanza, ambaye ulimi wake hukimbia kuliko miguu yake, akadakia.

"Mwalimu, usikasirike. Lakini tuseme ukweli. Hawa Ruwi tunaocheza nao Ijumaa walitufanya nini mwaka jana? Wametucheka mpaka mtandaoni. Hatuna mtu wa kupiga. Tunadaka, tunarusha, tunakimbia, halafu tukishika gongo tunapunga hewa kama tunafukuza nzi. Tukimpata huyu, kombe letu. Tukipata kombe, wafadhili watakuja wenyewe, na Kamau atatibiwa mara mbili."

Wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Harub aliwaona, na moyo wake ukanawiri. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akijiambia peke yake garini wiki nzima.

"Nikufundishe kitu, Yaqdhan," Jerusha akasema. "Mpigaji anasimama pale mara chache, anapiga au anakosa, halafu anarudi kukaa chini ya mwavuli. Mdakaji anagusa kila mpira unaorushwa. Kila mmoja. Anaita, anapanga, anapigwa kifuani, anachuchumaa kwenye jua mpaka anatoka jasho la damu. Tumefika nusu fainali kwa nini? Kwa sababu tunapiga? Tumefika kwa goti la Kamau."

"Na goti lenyewe limekwisha, mwalimu."

Lo! Kijana alisema, kisha akatamani ayameze. Jerusha alimtazama tu.

Sauti nyingine ikatoka pale ambapo hakuna aliyeitarajia.

"Goti la nani?" Humam akauliza. Alikuwa akitazama huku na huku mithili ya mtu aliyeingia harusi siyo. "Ammi, kuna mtu anaumwa? Hizi pesa ni za mgonjwa?"

"Wewe nyamaza," Mzee Hamood akamkatiza. Alimkatiza haraka mno. Hata Harub aliligundua hilo, ila hakulitilia maanani.

"Kocha," Harub akasema, "mie nnakuheshimu. Lakini umeona mwenyewe. Mzee kaja nyumbani kwangu, kaweka finjani chini. Hii ni ada yetu. Neno likishatoka halirudi. Mikono yangu imefungwa."

"Imefungwa," Jerusha akarudia.

"Imefungwa."

"Sawa. Basi mimi nitaenda kumwambia mume wangu ati mguu wake umenywewa pamoja na kahawa."

Akatoka. Tony na wenzake wakainuka mmoja mmoja, wakavaa viatu mlangoni bila kuaga. Walivyotoka, majlisi ilionekana kubwa kuliko ilivyo.

Mzee Hamood naye aliaga. Wakakubaliana kwamba fedha zitumwe kesho yake Alhamisi, benki zikiwa bado wazi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililomla Harub kuanzia jioni ile. Kunaswa na ada kunaweza kumpata mtu yeyote. Lililomtia aibu ni kwamba alipojiona amenaswa, alifurahi. Ilipita furaha kifuani, fupi, ya wizi, na Jerusha alikuwa amesimama mbele yake.

Alichukua sinia la finjani akalipeleka jikoni. Huko alimkuta mama yake, Bi Sayyida, anakunja sambusa za Ijumaa. Hakuinua uso.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia nini, mama?"

"Sauti yako. Siku zote ukitaka chai huita mara tatu hatukusikii. Leo umesema neno moja nimelisikia mpaka huku, na feni linawaka."

Harub aliweka sinia chini. Mtu mzima, mkurugenzi msaidizi serikalini, ana wasaidizi wanaomfungulia mlango; na mbele ya mama yake alikuwa anacheza na ukingo wa kanzu yake ya dishidasha.

"Ningefanyaje, mama? Ammi Hamood kaweka finjani chini."

"Marehemu baba yako amewekewa finjani chini mara ngapi hapa duniani? Watu wakija na posa, wakija na kesi zao, wakija na ardhi. Alikuwa akisemaje?"

"Haja yako imepita."

"Hayo tu? Ndiyo basi?"

Harub akaanza kupanga upya finjani kwenye sinia.

"Harub, nakuuliza. Alikuwa akimalizia vipi?"

"Ikiwa ni yangu kuitoa," Harub akasema, na sauti safari hii haikufika hata kwenye friji.

"Ahaa. Kunywa, haja yako imepita, ikiwa ni yangu kuitoa. Hivyo ndivyo wanavyosema watu. Mgeni anapata heshima yake, na mali ya mtu haiondoki. Wewe hayo ya mwisho umeyaacha wapi?"

"Yalinipita, mama."

"Hayakukupita. Umeyameza."

Alikunja sambusa nyingine, akaibana pembe, akaiweka juu ya wenzake.

"Mie na presha yangu hii nimesimama mbele ya karai la mafuta kila Ijumaa. Mikono imenibabuka. Kila nikiumia nasema si kitu, ni goti la mtoto wa watu, yuko mbali na mama yake. Na mama yake mie simjui, lakini namuwaza. Sikukaanga kwa ajili ya mpwa wa Hamood akapige mpira barabarani."

"Nikirudi nyuma, mama, nitaitwa mwanamume asiye na neno."

"Na sasa unaitwa nani?"

Harub alisimama pale akiona haya mpaka masikio yakamwasha. Alitamani mama yake apige kelele, maana kelele mtu huzizoea. Bi Sayyida aliendelea kukunja sambusa kana kwamba yuko peke yake.

Alhamisi mchana Harub alimpigia simu Jerusha. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena.

"Sema."

"Kocha, nnakwenda Wadi Kabir kwa Ammi Hamood. Nnarudisha neno langu. Nataka uwepo."

Huko kwa Jerusha zilisikika kelele za watoto wa shule.

"Unataka niwepo ndio nikuone ukiwa mtu mzuri?"

"Nataka uwepo kwa sababu nilisema mbele yako."

"Nipitie shuleni."

Alipompitia, Jerusha hakukaa kiti cha mbele. Alifungua mlango wa nyuma akaketi huko, begi lake mapajani, kama mtu aliyekodi teksi. Harub alimtazama kwenye kioo mara mbili, na kila alipomwona amekaa mahali pale jambo fulani lilimgonga rohoni, akaongeza baridi ya gari na kukaza macho mbele.

Jambo lenyewe mtalisikia sasa hivi. Msiniharakishe.

Gereji ya Mzee Hamood ilikuwa na kelele zake za kawaida, vyuma vinagongwa, redio ya Kihindi, mtu anamwita mtu amletee spana. Mzee alikuwa ofisini, chumba cha kioo kinachotazama magari. Humam hakuwapo. Mzee alipomwona Harub, uso ulikunjuka. Alipomwona Jerusha nyuma yake, ukakunjana.

"Karibuni, karibuni. Leteni kahawa!"

"Kahawa baadaye, Ammi," Harub akasema. Alibaki wima. Alikuwa amejifunza maneno yake njiani, na sasa yalimtoka yote kichwani, yakabaki matatu manne tu. "Ammi, jana nimekupa kisichokuwa changu. Fedha zile ni za Kamau. Nilikuwa najua. Nakuomba unirudishie neno langu. Nitazame utakavyo, nambie utakalo, una haki. Lakini fedha sitoi."

Mnajua ilivyo kwa mtu kama Harub kusema hivyo? Huko Maskati mtu husamehewa deni, husamehewa hata ugomvi. Kulivunja neno lililokwishanywewa kahawa ni kuvua kilemba mwenyewe na kukiweka barabarani.

Alingoja matusi. Mzee Hamood hakutukana. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Umechelewa kidogo kuwa muungwana, mwanangu," akasema. "Lakini si kitu. Tatizo ni kwamba haja ile haikuwa yangu."

"Vipi haikuwa yako? Si umekuja kumuombea Humam?"

"Humam ni damu yangu, sikatai. Nilipoambiwa niende, niliona kheri itanifikia na mie. Ndiyo maana nilimnyamazisha kijana, nisije nikaumbuka. Lakini mie nilitumwa."

"Na nani?"

Mzee aligeuza uso kwenye kioo, akatazama nje kwenye magari. Harub na Jerusha wakafuata macho yake.

Kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooshwa juu ya boksi, alikuwa amekaa Kamau, anawapa mafundi wenzake vifaa huku anawafokea kwamba hawajui kushika spana.

"Na huyo," Mzee Hamood akasema. "Mwenye goti."

Jerusha alishika meza.

"Uongo," akasema. "Mzee, usinichezee. Kamau wangu atume pesa ya mguu wake ipewe mtu mwingine? Ameanza wazimu?"

"Muulize mwenyewe. Alikuja hapa ofisini wiki iliyopita, akafunga mlango. Akanambia, arbab, wewe bosi wangu ukienda ukaweka kikombe chini, Harub hawezi kukataa. Nenda umuombee Humam. Nilimuuliza kama ana akili. Akanambia, nimesikia mwenyewe Harub anavyonisema."

"Anavyomsema vipi?" Jerusha akamgeukia Harub. "Alisikia nini?"

Sasa Harub alikumbuka, na alikumbuka neno kwa neno.

Ilikuwa siku aliyomchukua Kamau hospitali baada ya zile picha. Kamau alikaa kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa, mahali pale pale alipoketi Jerusha leo. Simu ya Harub ikaita. Alikuwa rafiki yake wa kazini, mpenda besiboli mwenzake, anauliza habari za Humam. Harub alitupia jicho kioo, akamwona Kamau amegeukia dirishani. Akabadilisha lugha. Aliingia kwenye Kiarabu, akazungumza kwa raha zake, mgonjwa yupo nyuma yake.

Hivi ndivyo wafanyavyo watu wa nyumba hizi, msomaji, wala hawaoni ubaya. Kiswahili cha kumsalimia fundi na kumuuliza hali ya watoto, Kiarabu cha kumsema. Harub alisahau jambo moja. Mtu aliyekaa gereji ya Wadi Kabir miaka yote ile, anatukanwa na kusifiwa na arbab wake kuanzia asubuhi hadi jioni, Kiarabu anacho.

Na alipomteremsha mlangoni kwake, Kamau alimtazama usoni akamwambia, "Shukran, ya arbab." Harub alicheka. Alimpigapiga begani akamwambia, mashallah, naona umeshajua maneno mawili matatu.

"Bwana Harub, nakuuliza," Jerusha akasema. "Alisikia nini?"

"Kocha..."

"Mzee, Kamau alikuambia kitu gani nisichojua?"

"Mie hayo hayatoki kinywani mwangu," Mzee Hamood akasema. "Yametoka kwa Harub, na aseme yeye."

Mlango wa kioo ulifunguliwa. Kamau alisimama pale na magongo yake mawili ya kutembelea, shati jeusi kwa oili. Alimtazama mkewe, akamtazama Harub, akaelewa.

"Haya," akasema. "Leo kuna mkutano na mimi sijaalikwa."

Hakuna aliyecheka.

Harub angeweza kusema uongo. Njia zilikuwepo. Angeweza kusema kwamba alieleweka vibaya, kwamba Kiarabu cha Kamau ni cha gereji. Aliifikiria njia hiyo, msomaji, tusimsingizie wema. Aliifikiria kabisa, ikamfika ulimini. Lakini Kamau alikuwa anamtazama kwa utulivu, anangoja kusikia hilo hilo.

"Nilisema," Harub akaanza. "Nilisema tunaumwaga mfuko mzima kwenye goti la mtu asiyecheza tena. Nilisema mpigaji kama Humam haji mara mbili. Na nilisema..."

"Malizia," Kamau akasema.

"Nilisema watu kama Kamau wako tele Wadi Kabir, wanateremka na kila ndege."

Nje redio iliendelea kuimba. Jerusha hakupiga kelele. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke bila kuyafuta, na Harub akaona afadhali angempiga kofi. Alikuwa amekula nyumbani kwa mwanamke huyu. Alikuwa amemwita dada. Alitazama chini, kwenye viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mahali kama pale.

"Na wewe," Jerusha akamgeukia mumewe. "Ukanyamaza. Kila siku tunalala kitanda kimoja, unanyamaza. Ukaona dawa ni kubaki kiwete?"

"Niliona nikatae mwenyewe kabla sijanyimwa," Kamau akasema. Majigambo yote yalikuwa yamemtoka. "Jerusha, mimi nimedaka mipira ya huyu mtu, nimevunjika nikiwa na jezi yake. Halafu nisikie ati mimi ni mzigo. Hiyo pesa ningeikanyaga na mguu gani? Kila nikipiga hatua ningeskia hiyo sauti."

"Fedha nimezirudisha, Kamau," Harub akasema. "Sasa hivi, mbele ya Ammi Hamood. Ni zako. Jumapili nakupeleka hospitali mwenyewe."

"Sizitaki."

"Kamau!"

"Nimesema sizitaki, bwana mudir. Mpe Humam, nunua mipira, jengea msikiti. Mimi si wa kuokotwa."

"Daktari anaondoka," Jerusha akasema, na sauti ikavunjika. "Kamau, baba, tafadhali. Daktari anaondoka. Ukikosa Jumapili, tunarudi nyumbani ukiwa hivi. Utafanya kazi gani? Sema unataka nini. Nitapiga magoti hapa kwa niaba yako, wewe sema tu."

Kamau alihamisha uzito kwenye gongo moja, akapangusa kiganja kwenye shati.

"Nusu fainali ni kesho?"

"Kesho baada ya Alasiri," Harub akajibu upesi.

"Basi kesho, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, timu yote ikiwa imesimama na watu wamekaa, huyu mwenyekiti wetu achukue kipaza sauti. Aseme yale aliyosema kwenye gari. Yote, hadi ya ndege. Akimaliza, nitachukua hiyo pesa na Jumapili nitaenda kupasuliwa. Akiruka neno moja, siendi."

Jerusha alimtazama Harub. Mzee Hamood alimtazama Harub. Hata fundi aliyekuwa amebeba tairi nje ya kioo alisimama akamtazama Harub.

Kwenye kipaza sauti. Mbele ya Tony na vijana waliotoka majlisi kwake bila kuaga. Mbele ya timu ya Ruwi na simu zao za kurekodi.

"Nitasema," Harub akajibu.

"Na useme kwa Kiswahili," Kamau akaongeza. "Wote tusikie."

Wakati huo huo simu ya Harub ikaita mkononi. Kwa haraka ya kutaka kuizima aliifungua, tena kwa sauti ya wazi, na chumba kizima kikamsikia Bi Sayyida.

"Harub? Umeshakwenda kwa Hamood? Alhamdulillahi, nilijua utakwenda, wewe ni mtoto wa baba yako. Sasa sikiliza. Nimewapigia dada zako wote, na wakweo, na wanawake wa mtaa mzima. Nimewaambia kesho tunakuja uwanjani, tumwone mwanangu aliyesimama na haki ya mtoto wa watu. Mechi inaanza saa ngapi?"

Harub alifungua mdomo.

Jerusha alinyoosha mkono, akaichukua simu, akaisogeza karibu na kinywa chake.

"Shikamoo, mama," akasema. "Njooni mapema. Kabla haijaanza."